Chokaa na majivu badala ya simenti: kuimarisha udongo wa chini ya barabara Unguja na Pemba

Mwongozo huu ni wa fundi, msimamizi wa kazi au kamati ya shehia yenye kipande cha barabara kinachopita juu ya udongo mwekundu wa kinongo au udongo mzito wa kinamo, na inayotaka tabaka la chini likaze bila kumwaga simenti kwa wingi. Tunazungumzia udongo ulio chini ya kifusi, ule unaobeba vyote vilivyo juu yake. Huo ukilegea masika, hata lami iliyowekwa vizuri itapasuka.

Penye udongo dhaifu watu hukimbilia mifuko ya simenti. Kwenye udongo wa mfinyanzi hizo ni fedha zinazopotea. Simenti hugandia baina ya punje. Bumba la mfinyanzi linabaki bumba, limevikwa ganda gumu. Maji yakipenya, bumba linavimba na ganda linapasuka. Chokaa inauingia udongo wenyewe. Katika saa za mwanzo kalsiamu yake inashika nafasi kwenye vipande vya mfinyanzi, navyo vinakusanyika kuwa chembe kubwa zaidi. Udongo ulionata unakuwa wa kumwagika mkononi. Baadaye, kwa wiki na miezi, ukali wa chokaa unayeyusha silika na alumina zilizomo ndani ya mfinyanzi na kuzaa gundi ya jamii ileile inayopatikana kwenye simenti. Hatua hii ya pili ndiyo nguvu halisi, na ndiyo inayoharibiwa na kazi ya haraka.

Upande wa mazingira, tusidanganyane. Chokaa nayo huchomwa. Kila kilo 100 za chokaa iliyozimwa (iliyotiwa maji baada ya kuchomwa) zimekwisha kutoa kilo 59 hivi za hewa ya ukaa kutoka kwenye jiwe lenyewe, kabla ya kuhesabu kuni. Klinka, ambayo ndiyo roho ya simenti, huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi na hutoa kilo 80 hadi 90 kwa kila kilo 100. Faida unaipata ukitumia chokaa pale inapofaa, kwa kipimo kidogo kinachotosha, na ukiisaidia kwa majivu au kwa simenti yenye pozolana, yaani unga unaoungana na chokaa na kuwa gundi. Chokaa ya tanuu lililowashwa kwa mikoko au kwa miti ya msitu haina haki ya kuitwa rafiki wa mazingira. Muulize muuzaji anachomea nini. Magogo ya minazi mikongwe iliyokwisha kuzaa ni jambo jingine.

Udongo kwanza

Majina ya wakulima wetu yanasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kinongo ni ule mwekundu wa mashamba ya ndani. Kwa kawaida hutosheka na chokaa ya asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa udongo mkavu. Kinamo ni mzito wa mabondeni, unapasuka kiangazi na kunasa mguu masika. Huu unaweza kutaka asilimia 5 hadi 8. Kichanga hakina mfinyanzi wa kutosha kuitikia chokaa peke yake. Uwanda, upande wa mashariki na kusini wa Unguja, ni jiwe la tumbawe lenye udongo haba. Mara nyingi hauhitaji unga wowote: vunja, mwagilia, shindilia, na kifusi cha tumbawe kitajikamata chenyewe kadiri kinavyolowa na kukauka.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, jaribu kuchanganya kifusi cha tumbawe na kinongo. Sehemu mbili za kifusi kwa moja ya kinongo ni mwanzo mzuri wa majaribio. Kama machimbo yako karibu, hii ndiyo njia nafuu kuliko zote.

Kama machimbo yako mbali, pima mfinyanzi. Chota udongo kina cha sentimita 30 hadi 60, chini ya mizizi, angalau shimo moja kwa kila mita 200 na shimo jingine kila rangi inapobadilika. Kausha, ponda, chekecha kwa chekeche la mm 0.425. Korogea maji mpaka uwe laini kama uji mzito, kisha ujaze kwenye bomba la plastiki lenye kipenyo cha mm 25 lililopasuliwa kwa urefu, kipande cha mm 140, kilichopakwa mafuta ndani. Acha ukauke kivulini kwanza, halafu umalizie kwenye joto. Pima ulivyofupika. Ufupi wa mm 14 ni asilimia 10. Zidisha asilimia hiyo kwa 2.13 na unapata makadirio ya PI, kipimo cha unyumbukaji ambacho maabara itakutajia. Hapo ni 21.

PI ikizidi 20, na zaidi ya robo ya udongo ikapita chekeche la mm 0.075, chagua chokaa. Baina ya 10 na 20 chokaa au simenti yenye pozolana zote zinafanya kazi, na uamuzi ni wa bei na upatikanaji. Chini ya 10 chokaa tupu haina cha kushika: tumia chokaa pamoja na majivu, au simenti kidogo.

Kuna udongo wa kukataa. Udongo mweusi wa bondeni wenye harufu ya kuoza una mboji, na mboji hula chokaa kabla mfinyanzi haujaionja. Ikizidi asilimia 2 hivi, uchimbue na uutoe. Udongo wa jirani na mashamba ya chumvi au mikoko upimwe salfeti. Salfeti inayoyeyuka ikiwa chini ya asilimia 0.3 hatari ni ndogo. Ikipita 0.8 usiweke chokaa wala simenti, kwa sababu huzaliwa fuwele zinazovimba na kuinua barabara miezi kadhaa baada ya kazi.

Chokaa gani, na kiasi gani

Chokaa ya mifuko inayovuka kutoka Tanga ina ubora usioyumba sana. Chokaa ya matanuu ya hapa ni nafuu, lakini mara nyingi imechanganyika na jiwe lisiloiva, jivu la kuni na mchanga, na ikikaa wazi kwa miezi inarudi kuwa jiwe kwa kunyonya hewa ya ukaa. Nunua iliyotoka tanuuni karibuni. Izime kikamilifu, iache siku mbili au tatu, ichekeche kwa wavu wa matundu ya mm 1 hivi, na itie kwenye mifuko ya nailoni iliyofungwa mdomo. Bonge lisilozimwa likizikwa barabarani litazimika humo humo na kusukuma udongo juu. Wenye mazoea ya kumwaga asidi kwenye udongo na kutazama povu ili kujua chokaa iliyorudi kuwa jiwe wajihadhari: udongo wetu wa tumbawe hutoa povu wenyewe, hata usipotiwa chokaa kabisa.

Kipimo sahihi hupatikana kwa jaribio la pH, yaani namba ya ukali wa chokaa, na skuli yoyote yenye maabara inaweza kulifanya. Tia gramu 25 za udongo mkavu uliochekechwa (mm 0.425) katika kila chupa ya plastiki yenye kifuniko. Ongeza chokaa gramu 0.5 chupa ya kwanza, kisha 0.75, 1.0, 1.25, 1.5 na 2.0, hizo ni asilimia 2, 3, 4, 5, 6 na 8. Chupa ya mwisho isiwe na udongo, bali gramu 2 za chokaa tu. Mimina mililita 100 za maji safi yasiyo na madini katika kila moja. Yale ya kuongezea betri yanafaa, ila hakikisha si asidi yake. Tikisa sekunde 30 kila baada ya dakika 10 kwa muda wa saa moja, kisha pima kwa mita ya pH. Karatasi za rangi hazitoshi kwa kazi hii.

Vitabu vinataka pH 12.4, lakini hiyo ni kwa nyuzi 25. Kwenye chumba cha nyuzi 30 hata chokaa tupu haifiki hapo, ndiyo maana ya ile chupa isiyo na udongo. Soma namba yake; asilimia ndogo kabisa ya chokaa inayoifikia namba hiyo ndiyo kipimo chako cha chini. Ikiwa hata chupa ya chokaa tupu iko mbali na 12, chokaa hiyo imekufa, irudishe. Juu ya kipimo cha chini ongeza asilimia 1 kwa upotevu wa kazini. Tumia chokaa ileile kwenye jaribio na barabarani, na hapo huna haja ya kusahihisha usafi wake.

pH haikuambii nguvu. Peleka mchanganyiko maabara wapime CBR, kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, baada ya kuloweka siku 4. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa Tanzania wa mwaka 1999 unaliita tabaka la chini S15 likiwa na CBR ya 15 au zaidi. Kwa barabara ya shehia hilo ni lengo zuri. Ukitaka nguvu ya mgandamizo, chokaa isihukumiwe siku ya 7 kama simenti. Ipe siku 28, wiki ya mwisho ikiwa majini.

Chukua mfano wa mita 100 za barabara ya upana wa mita 6, tabaka la mm 150 likiwa limeshindiliwa, uzito wa udongo mkavu kilo 1,700 kwa mita ya ujazo, chokaa asilimia 4. Ujazo ni mita 90, uzito wa udongo kilo 153,000, chokaa kilo 6,120. Kwa kila mita ya mraba ni kilo 10.2, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 unatosha mita za mraba 2.45, na jumla ni mifuko 245. Panga mifuko minne kwa upana, mita 1.5 kutoka kati hadi kati, na mita 1.63 kwa urefu. Chora mistari chini kwa kamba kabla gari halijafika. Mifuko ikiisha kabla ya mstari, au ikibaki, kuna aliyekosea hesabu, na ni rahisi kurekebisha kabla ya kuchanganya.

Majivu na simenti ya pozolana

Jivu la makapi ya mpunga ni pozolana nzuri mno: likichomwa kwa nyuzi 500 hadi 700, sehemu kubwa yake ni silika iliyo tayari kuungana na chokaa. Likichomwa kwa moto mkali zaidi kwa muda mrefu silika inageuka fuwele na kulala usingizi. Jivu zuri ni la kijivu, au jeupe lenye ukijivu. Jeusi tii lina kaa nyingi, inayonyonya maji bila faida. La waridi limepita moto. Lisage laini kama unga wa ngano. Kwa kichanga au udongo wa PI ndogo, anza na chokaa asilimia 3 na jivu asilimia 6.

Sasa piga hesabu kabla ya kuahidi. Tani moja ya mpunga hutoa kilo 200 hivi za makapi, na makapi hayo kilo 40 za jivu. Asilimia 6 kwenye mfano wetu ni kilo 9,180, maana yake makapi ya tani 230 za mpunga kwa mita 100 tu. Hata ukikusanya makapi ya mashine za bonde la mpunga la Cheju, hii si dawa ya barabara ya kilomita tano. Litumie panapouma zaidi: miingilio ya makalvati, kona inayokaa maji, mlango wa skuli au kituo cha afya. Jivu la makapi ya miwa kutoka kiwanda cha sukari cha Mahonda linastahili kujaribiwa kwa njia hiyohiyo. Jivu la jikoni ni dhaifu. Waachie wenye bustani.

Pozolana nyingine iko chini ya miguu yetu. Kinongo chenye mfinyanzi mwingi kikichomwa kwa nyuzi 700 hivi na kusagwa kinaungana na chokaa, na vumbi la matofali ya kuchoma lililosagwa laini linafanya kazi ya namna hiyo.

Pale unapohitaji nguvu ya mapema kwenye udongo wa PI kubwa, changanya njia mbili. Anza na chokaa asilimia 2, lilaze tabaka (liache litulie) siku mbili, halafu asilimia 2 ya simenti yenye pozolana. Soma mfuko: CEM I ni klinka tupu karibu yote, CEM II/B ina klinka pungufu, na CEM IV/B pungufu zaidi. Chukua CEM IV/B ukiipata. Kuanzia simenti inapolowa una saa mbili tu za kuchanganya na kumaliza kushindilia.

Kazi yenyewe

Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba. Januari na Februari pia panakauka, lakini jua na upepo wa kaskazi hukausha tabaka kabla halijakomaa, na utalipia maji zaidi. Mitaro itangulie. Sakafu ya mtaro iwe chini ya tabaka unalolitibu kwa mm 300 au zaidi, na kwenye miteremko ya Pemba uweke vizuizi vya mawe mtaroni ili maji yasikate ukingo.

Kwanza tengeneza kipande cha majaribio cha mita 50 kwa vifaa vilevile utakavyotumia. Hapo ndipo utakapojua rola ipite mara ngapi.

Chimbua kwa meno ya greda mm 150. Toa mizizi na mawe yanayozidi mm 75. Ponda kwa jembe la diski la trekta mpaka mabumba yavunjike. Tandaza chokaa asubuhi na mapema upepo ukiwa umetulia, pasua mifuko, sambaza kwa reki, na changanya papo hapo. Chokaa isikae juu ya udongo bila kuchanganywa kupita saa chache.

Kisha maji. Chokaa hunywa: kiasi cha maji kinachofaa kwa kushindilia hupanda kwa asilimia 2 hadi 4 kuliko udongo mtupu, kwa hiyo pima upya kwa mchanganyiko. Kama udongo una asilimia 12 na unalenga 20, mfano wetu unataka lita 12,240, zaidi ya boza moja la lita 10,000, na ongeza kwa yale yatakayopaa. Maji ya visima vya pwani yenye chumvichumvi usiyatumie. Chumvi hupanda juu na kuinua lami nyembamba.

Pitisha rola nyepesi mara moja kufunga uso, na ulilaze tabaka saa 24 kwa kinongo, 48 hadi 72 kwa kinamo. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuwa trekta limekodiwa kwa siku. Kodi siku mbili zilizopishana. Gharama ni ileile na matokeo ni tofauti kabisa. Baada ya kulala, mabumba yaliyokuwa yanakataa diski huvunjika kwa vidole. Changanya tena mpaka yote, ukiacha mawe, yapite chekeche la mm 25, na asilimia 60 yapite la mm 4.75.

Kata ukuta wima kwenye udongo na unyunyize fenolfthaleini, dawa ya maabara inayogeuka waridi ikigusa chokaa. Waridi iliyoenea sawasawa hadi chini inaonyesha chokaa imefika. Mabaka na mistari yanamaanisha rudia diski. Rangi hiyo haithibitishi pH 12, inathibitisha usambazaji tu.

Shindilia kwanza kwa rola yenye meno mpaka meno yatembee juu ya uso, halafu rola laini. Mchanganyiko wa mm 200 ukiwa haujashindiliwa hushuka kuwa mm 150 hivi. Lengo ni asilimia 95 ya msongamano wa juu wa maabara, uliopimwa kwa mchanganyiko wa chokaa. Ukitumia namba ya udongo mtupu hutaifikia kamwe, maana chokaa huupunguzia udongo uzito. Acha mteremko wa asilimia 3 kutoka katikati, yaani mm 90 kwa nusu upana wa mita 3. Ukiunganisha na kazi ya jana, kata mm 300 za ukingo wa jana na uzichanganye upya.

Siku saba zinazofuata tabaka lisikauke. Nyunyiza kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, au funika kwa lami ya maji (emulsheni). Kulowa na kukauka kwa zamu ndiko kunakoingiza hewa ya ukaa na kuiua chokaa kabla haijazaa gundi. Uso unakuwa unga, na kifusi cha juu hakishiki. Magari yazuiwe siku zote saba. Ongea na sheha na madereva wa daladala mapema wapatiwe njia ya pembeni. Kifusi kifuate mara siku hizo zikiisha.

Chokaa inachoma macho. Kila anayeisambaza avae miwani iliyozibwa pembeni, glovu, viatu vya mpira na mikono mirefu, na apake vaselini shingoni na vifundoni. Ndoo ya maji safi ikae kazini. Jicho lioshwe dakika 15 mfululizo, kisha hospitali. Isiyozimwa isiguswe kabisa kwa mkono. Funika visima vya jirani, na usitandaze mvua ikiwa imetanda: maji ya chokaa yakiingia mkondoni huua samaki.

Kupima kilichotokea

Siku ya 7 piga DCP, ile fimbo yenye nyundo ya kilo 8 inayoanguka mm 575, kila mita 20, ukibadilisha kushoto, katikati na kulia. Kuzama mm 17 kwa pigo ni CBR ya 15 hivi, mm 9 ni 30 hivi. Piga tabaka likiwa na unyevu. Udongo uliokauka juani hutoa namba nzuri isiyodumu hata mvua moja.

Sehemu ikizama zaidi ya mm 17, chimba shimo dogo utazame kabla ya kulaumu chokaa. Nusu ya juu ngumu na nusu ya chini laini maana yake diski haikufika chini au rola ilikuwa nyepesi kwa unene huo. Unga juu na ugumu chini ni ukavu wa siku za mwanzo: kwangua mm 10 hadi 20 za juu na endelea. Laini kotekote, na fenolfthaleini haibadiliki rangi, chokaa ilikuwa mbovu au haikutosha. Laini lakini rangi inatoka vizuri, mara nyingi ni maji mengi au gundi haijaanza kuzaliwa vizuri. Kama haina mabaka, ipe wiki mbili na upime tena. Kipande kilichobaki dhaifu chimbua peke yake, ongeza asilimia 2 ya chokaa safi, lilaze, shindilia, na hesabu siku saba upya kabla kifusi hakijamwagwa.